Pazia Linaloota Ukutani

Uliyaona yale maua. Usiseme hukuyaona. Ulisimama pale juu ya ngazi, risiti ya sare za mwanao mkononi, ukatazama ukuta mzima uliofunikwa na majani ya zambarau yenye mistari ya fedha, ukasema, "Jamani, nani huyu mwenye mkono wa kuotesha hivi?" Kisha ukakagua vifungo, ukabana mfuko kwapani, ukashuka zako. Hukuuliza kwa nini chumba cha kushonea, chumba ambacho hata feni ilikuwa ya kubembelezwa ndipo izunguke, kilipewa maua. Tena ukuta mmoja tu. Kuta tatu nyingine zilibaki na kalenda za miaka iliyokwisha na alama za vidole vyenye mafuta ya mashine. Hilo hukuliona, au uliliona ukageuza shingo. Si wewe peke yako. Tumejazana.

Basi wasikie hao uliowapa mgongo.

Aliyeotesha maua yale walimwita Kola. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho tu, na siku likiitwa na karani, mwenyewe aligeuka pamoja na wengine kumtafuta huyo anayeitwa. Miaka kumi na tisa alishona kola za mashati ya shule. Si mikono, si mifuko. Kola. Alikuwa mjane mwenye binti mmoja, na binti huyo alikuwa chumba hicho hicho, meza ya vifungo. Stoo ya nyuzi ilikuwa chini ya mume wa marehemu dada yake, mwanamume mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, shemeji yake kwa ndoa na mtani wake kwa kazi ya kila siku. Wasipotupiana maneno hadi saa ya chai, watu waliuliza kama kuna mgonjwa.

Dirishani kwake Kola alikuwa na kopo la maziwa, na ndani ya kopo, mmea wa kushuka. Aliuokota kwenye takataka za hoteli moja, kikonyo kimoja kilichonyauka, akakirudishia uhai. Uliteremka kandokando ya cherehani yake kama utepe, na wenzake wakaubatiza Pazia.

Sasa ukuta. Ufa ulianza mwaka ule jirani alipochimba msingi wa jengo lake, mita mbili tu kutoka letu. Ulikuwa mwembamba kama unywele, ukitokea pembe ya dirisha kubwa. Wa kwanza kuuliza alikuwa fundi wa mashine. Wiki ileile alihamishiwa karakana nyingine, na kumbukumbu ya swali lake ikahama naye. Ikapigwa plasta. Mvua hazijaisha, ufa ukarudi. Ikapigwa plasta ya pili, na rangi juu yake, na ufa ukajichora juu ya rangi mpya kama mtu anayeweka saini. Mwenye jengo alikuja siku moja, akautazama akiwa kwenye simu, akasema jengo linajiweka sawa tu, kama mzee anavyojiweka sawa kitini. Akaondoka. Ngazi ya kutokea ilikuwa moja, ya zege, na ilishikiliwa na ukuta huohuo.

Ikatangazwa kwamba wageni wa oda kubwa wanakuja kukagua. Msimamizi, kijana mwenye kalamu tatu mfukoni na usingizi usiotosha, akasimama mbele ya cherehani ya Kola.

"Mama Kola, hilo jani lako lina kasi gani?"

"Kasi ya nini, mwanangu? Halikimbii, linatambaa."

"Nikitaka lifunike ukuta ule wa dirisha kubwa, linachukua muda gani?"

"Likipata mwanga, na watu wakiacha kulimwagia mabaki ya chai, miezi mitatu."

"Nakupa miwili na nusu."

"Basi kaliambie mwenyewe. Mimi halinisikii."

Chumba kizima kikaangua kicheko, msimamizi naye. Na Kola, usimlaumu haraka, alifurahi. Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwuliza neno lisilohusu kola.

Akaifanya kazi hiyo kama anavyofanya zote. Aliomba makopo ya rangi kumi na mawili, akayatoboa chini kwa msumari wa moto, upande unaotazama chumbani, si wa ukutani. Alichanganya udongo na mchanga na makapi ya mbao yaliyooza, kwa sababu mmea ule hautaki miguu yake iloe. Alikata vikonyo vyenye urefu wa kidole, kila kimoja chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoungana na shina, akatoa majani ya chini na kuvichomeka vinne vinne katika kila kopo. "Ukikata juu ya kifundo umekata chakula cha mbuzi," aliwaambia waliomzunguka. "Mzizi unatoka kifundoni. Kwingine utasubiri mpaka ustaafu." Makopo akayapanga kwenye nondo chini ya dirisha, mahali penye mwanga mwingi lakini jua halichomi, kwa kuwa gizani mistari ya fedha hufifia na jani hubaki la kijani kama mboga. Kila wiki alizifinya ncha kwa kucha, ili shina moja litoe mawili, na mawili yatoe manne. Maji, kikombe kimoja kwa kopo, na kabla ya kumwaga alitia kidole udongoni: kikitoka na unyevu, siku hiyo hakuna maji.

Shida ilikuwa moja. Mmea wa kushuka hauna mikono. Hauushiki ukuta, unaning'inia tu, na ukining'inia unaacha mapengo. Msimamizi hakutaka mapengo. Hapo Kola akafanya jambo ambalo mshonaji tu angelifikiria: alipigilia misumari midogo ukutani, huku na huku ya ufa, kiganja kimoja kutoka msumari hadi msumari, na kati yake akafunga uzi wa pamba wa kushikizia, ule laini usiokata shina. Mshonaji hawezi kuona uzi umelegea akalala. Akazikaza zile nyuzi zote hadi zikalia ukizigusa. Ishirini na nne, kutoka dirishani hadi karibu na sakafu. Vikonyo akavilaza juu yake, na ndani ya siku sabini na tano ukuta ukavaa zambarau.

Wageni walikuja, wakapiga picha mbele ya maua. Oda ikapatikana. Kola akapewa cheti chenye fremu ya plastiki, na juu yake zawadi iliyomtoa machozi: binti yake, ambaye macho yalikuwa yameanza kumwuma kwa vifungo, alihamishiwa meza ya pasi. Mshahara uliinuka kidogo na upepo wa dirisha kubwa ukawa wake. Meza ya pasi ilikuwa chini ya maua kabisa. Binti alipiga pasi huku kikonyo kikimgusa bega.

Mwezi wa sita tangu wageni waje, uzi mmoja ukakatika. Kola akafunga mwingine. Wiki iliyofuata zikakatika mbili. Kwanza alimshuku binti.

"Unavuta maua na kitambaa?"

"Mama, mimi navuta pasi, hiyo yenyewe inanitosha."

Akashuku panya. Halafu, kama mshonaji yeyote duniani ambaye uzi umemkatikia, akamshuku aliyempa uzi. Akaenda hadi mlango wa stoo, saa ya chai, watu wote wakisikia.

"Shemeji! Uzi gani huu umenipa? Umeozea wapi, mfukoni mwako?"

"Shemeji, uzi huo ndio unaoshikizia sare za shule tatu."

"Basi shule tatu zitatembea uchi!"

"Na wewe utawashonea kola, wafunike shingo."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikamchoma Kola, maana usiku uliotangulia hakulala vizuri na majani ya chini yalikuwa yameanza kuachana. Akaropoka: "Ndiyo maana dada yangu alikuwa akisema, huyu bwana akikupa kitu, kigeuze mara mbili."

Kicheko kikakatika. Hata wazoefu wa utani wao waliinamia mashine. Shemeji alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena. Alitoa bobini ya uzi wa mabegi, ule mnene unaoshona ngozi, akaiweka juu ya meza na kufunga kidirisha cha stoo taratibu.

Kola akafunga uzi wa mabegi. Huo haukukatika. Siku ya tisa uling'oa msumari, na msumari ukatoka na bonge la plasta kubwa kama yai, likaanguka juu ya shati jeupe mbele ya binti yake.

Siku ya pili, Jumanne, Shemeji alitoka stoo mwenyewe. Mkononi alikuwa na bobini ya ule uzi aliotukaniwa. Alifunga ncha moja kwenye nondo ya dirisha, nyingine kwenye mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, akauachia mkasi. Ukabembea hewani, ukazunguka, haukuanguka.

"Shemeji, sogeza mguu," alisema. "Uzi umeoza, mkasi usije ukakuchoma."

Kola akasogeza mguu. "Nimekosa, Shemeji. La uzi na la dada."

"La dada ni kweli alilisema. Lakini la uzi ni uongo. Haya, nionyeshe zinakokatikia."

Wakafunua majani pamoja, kutoka juu kwenda chini, kama watu wanaotafuta chawa kichwani mwa mtoto. Nyuzi zilizovuka ufa ndizo zilizokatika. Zile chache alizozifunga pembeni, kando ya ufa, zilikuwa nzima, na bado zililia ukizigusa.

"Ajabu," Shemeji alisema. "Uzi wangu unaoza mstari mmoja tu. Una akili uzi huo."

Kola hakucheka. Miezi minane iliyopita, alipokuwa anapigilia msumari wa kwanza, ukucha wake wa kidole gumba haukuingia katika ufa ule, alijaribu, anakumbuka. Sasa alitia kidole cha shahada. Kiliingia hadi kiungo cha pili, na huko ndani kidole kikakutana na upepo wa nje.

"Mama, mbona mnanitazama hivyo?" binti aliuliza, mvuke wa pasi ukimzunguka. "Nimeunguza?"

"Hapana, mwanangu. Endelea."

Endelea! Neno hilo lilimtoka kama linavyotutoka sote, na lilipomtoka alilisikia. Alikuwa ndiye aliyeotesha kitu cha kuuficha ule ufa, akakitunza, akakipamba, akapigiwa makofi, kisha akamsimamisha mwanawe chini yake. Na bado ulimi wake ulisema endelea.

Akaenda kwa msimamizi, kwenye kijichumba chake cha mbao nyepesi.

"Mwanangu, ukuta unaondoka."

Msimamizi hakuuliza ukuta gani, na hilo Kola aliliona. "Mama yangu, oda inatoka Ijumaa. Leo Jumanne. Siku tatu tu, halafu nampigia mwenye jengo."

"Ulimpigia mwaka juzi."

"Nilimpigia, na mwaka jana, na wiki iliyopita. Unadhani mimi nalala?" Alijikuna paji la uso kwa kalamu. Kisha akasema lile alilokuwa amefundishwa kusema, maana halikutoka kwake: "Anasema ni maji yako. Miezi minane unamwagilia ukuta, umelainika."

"Kikombe kimoja kwa kopo! Na matundu yanatazama huku, si ukutani. Nimetoboa mwenyewe."

"Najua, mama. Nakwambia anachosema yeye. Na tafadhali usilitangaze. Watu sitini, ngazi moja. Wakipata hofu watakanyagana, na hiyo damu itakuwa juu yetu, wewe na mimi."

Kola alirudi kwenye cherehani na kukaa bila kukanyaga pedali. Maneno ya maji yalimng'ata, kwa sababu mtu wa kazi ukimwambia kosa ni lake huanza kwa kuamini. Ila maneno ya ngazi yalikaa vizuri kichwani. Kweli, watu sitini wakikimbia kwa pamoja juu ya ngazi iliyoshikwa na ukuta ule, wataumalizia. Lazima washuke wachache wachache, bila haraka, wakiwa wanacheka. Kitu gani kinaweza kumtoa mshonaji kwenye mashine, katikati ya oda, akicheka?

Miezi minane chumba kizima kilimwomba kikonyo cha Pazia. Miezi minane alikataa, kwa kuwa kila kikonyo kilikuwa na pengo lake la kuziba.

Akainuka na mkasi.

"Shemeji, chukua beseni, shuka uani ukae mbali na ukuta, kule kwenye geti. Nakuletea watu."

"Nitawafanyia nini?"

"Utawagawia maua."

"Mimi? Mimi hata mchicha uliniogopa."

"Shuka!"

Kisha kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake: "Anayetaka Pazia, leo ndiyo leo! Linagawiwa uani. Safu moja moja, wanne wanne ngazini, sitaki msukumano. Na ukishapata huondoki pale getini mpaka nije niwafundishe kupanda, maana nawajua, mtaniulia."

Binti alikuwa wa kwanza. "Mama, nina mashati arobaini hapa."

"Zima pasi."

"Msimamizi ata—"

"Mwanangu, zima pasi, ushuke."

Alimtazama mama yake usoni, akachomoa waya, akashuka.

Kola akaanza kukata. Alikata juu kwenye makopo, na Pazia likaanguka kwa mafungu juu ya meza ya pasi, zito, baridi, likinuka utomvu. Kila safu iliyopita aliipa fungu la kubeba. Safu ya mifuko. Safu ya mikono. Akina mama wa pindo, waliotaniana kwamba nani hata kopo la kupandia hana. Kutoka uani ilisikika sauti ya Shemeji akifundisha uongo, "Kichwa chini, miguu juu, au vyovyote, Mungu anajua," na kicheko cha watu ishirini, kisha thelathini. Safu ya mwisho ilipofika karibu naye haikucheka. Ukuta ulikuwa wazi tayari. Ufa ulitoka dirishani ukashuka ukiwa na upana wa kidole, na karibu na sakafu ulikuwa na upana wa kiganja cha mtoto. Mwanga wa nje ulipita ndani yake na kulala sakafuni, mstari mrefu mweupe, chini ya miguu ya meza ya pasi.

Msimamizi alitoka kijichumbani kwa sababu ya ukimya.

"Mama Kola, umefanya nini?"

"Nimepogoa."

Alitaka kufoka, uso wake ulikuwa umeshajiandaa. Halafu akauona ule mwanga sakafuni. Alisogea, akachomoa kalamu moja mfukoni, akaitia katika ufa bila kujua anachofanya, na kalamu ikateleza ikaenda. Wakaisikia ikigonga kitu mbali upande wa pili.

"Shuka, mwanangu," Kola alimwambia. "Mimi nafuata."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Leo ni Ijumaa. Ukuta bado umesimama, na hilo ndilo wanalotupigia kelele wanaotaka turudi juu: mbona umesimama! Watu sitini wako uani karibu na geti, makopo yamepangwa kwenye kivuli, na vikonyo vya kwanza vimetoa mizizi myeupe mifupi kama vipande vya uzi. Binti anawaonyesha wapita njia kifundo kiko wapi. Msimamizi safari hii hakupiga simu, ameandika barua, na ameisoma kwa sauti mbele ya wote kabla ya kuituma. Asubuhi hii mwenye jengo amejibu. Ametuma mtu mmoja na mfuko wa saruji na mwiko. Plasta ya tatu. Yule mtu ni kibarua tu, ana watoto, hana kosa. Amekaa kwenye ndoo yake mbele ya ngazi, na Kola amekaa kwenye ngazi ya kwanza, kopo la Pazia mapajani, hampishi. Mwenye jengo amesema saa kumi atakuja na watu wa kumwondoa.

Nawe una risiti nyingine. Sare za mwanao ziko juu kule kwenye meza ya pasi, zina vumbi la plasta, na usituulize zitakuwa tayari lini. Inuka. Nyumbani kwako nyuma ya kabati, shuleni kwa mwanao nyuma ya ubao, kama kuna ufa, pigilia misumari miwili ukafunge uzi wa pamba, ukaukaze mpaka ulie, uandike tarehe. Hiyo ni ya dakika tano, ifanye kabla ya kutoka. Kisha njoo uani ukiwa na risiti yako mkononi kama ulivyokuja siku ile, usimame karibu na mama huyu, utazame ukuta, na safari hii usigeuze shingo. Saa kumi si mbali. Njoo sasa.